Laini Zilizopita Voi

Mjini Voi mtu akiingia dukani na kusema laini imekatika, mwenye duka humwuliza kwanza, "Laini gani, mama?" Swali hilo si la utani. Pengine simu haishiki mtandao. Pengine nguzo ya umeme imeanguka kwa upepo wa jana. Pengine bomba la maji limepasuka, au treni ya mizigo imekwama na malori yamejazana barabarani. Mpaka mama aseme, "Ya simu, mwanangu, hata salio siwezi kutazama," ndipo kijana ajue kama amsaidie au ampe pole tu.

Neno hilo tumelizoea hata hatulioni tena. Mimi lilinishika siku nilipojaribu kuihesabu historia ya kaunti yetu ya Taita Taveta na kukuta kwamba karibu kila jambo kubwa lililotokea huku katika miaka 140 iliyopita, Mwingereza angelieleza kwa neno moja, "line", ilhali Mswahili angehitaji maneno kumi. Mpaka. Reli. Safu. Foleni. Mlolongo. Mstari. Kamba. Waya. Ukoo. Mshipi. Nikaona afadhali nilifuate neno lenyewe, tangu lilipotoka, hadi lilipopita katika ardhi hii.

Kwanza tutenganishe mapacha wasio ndugu. Kiswahili kina laini mbili. Ya kale ni kivumishi: kitambaa laini, sauti laini, unga laini. Hiyo ilitoka kwa Waarabu, nayo haina uhusiano wowote na ya pili, iliyoingia kwa mlango wa Kiingereza pamoja na reli, kambi za jeshi na mashamba makubwa. Na hiyo ya pili nayo si Kiingereza cha asili. Waingereza waliipata kutoka Kilatini, ambako "linea" ilikuwa uzi wa kitani, na uzi huo ulipewa jina kutokana na mmea wenyewe wa kitani, "linum". Kwa hiyo kabla ya kuwa mpaka au reli, laini ilikuwa uzi uliosokotwa kwa nyuzi za mmea, ukavutwa baina ya vigingi viwili ili fundi apate kunyoosha kazi yake. Mwashi wa Voi hufanya vivyo hivyo hadi leo. Anapigilia kigingi huku na kigingi kule, anavuta uzi, anauchezesha kwa kidole hadi ulie kama gambusi, ndipo anapanga tofali la kwanza. Uzi ukishavutwa, kila tofali litautii.

Kabla ya uzi huo kuvutwa hapa, watu walikuwa na njia. Njia na laini si kitu kimoja. Njia hufuata maji. Laini hufuata rula. Misafara iliyotoka Mombasa kwenda bara ilikatiza nyika kavu ya Taru, ikatafuta madimbwi ya mlima Maungu, ikapumzika Ndara kwa Wasagala, ikapita Bura, kisha ikaingia katika msitu wa Taveta, kandokando ya mto Lumi, mahali penye ndizi, samaki na kivuli. Kona zote za njia hiyo zilikuwa na sababu. Ikipinda kushoto, ujue kuna kisima. Ikipinda kulia, ujue kuna ushuru usiolipika au jamaa walioudhika. Mwaka 1848 Johann Rebmann aliipita njia hiyo akiongozwa na Bwana Kheri wa Mombasa, kiongozi wa misafara aliyeijua nyika kama kiganja cha mkono wake. Tarehe 11 Mei Rebmann akauona mlima wenye kilele cheupe. Huko Ulaya mabwana wa jiografia walimcheka, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Wataita na Wataveta walikuwa wakiutazama mlima ule kila asubuhi isiyo na mawingu.

Mipaka pia ilikuwepo, lakini ya namna nyingine. Juu milimani, Wataita wanaojiita Wadawida walikuwa na fighi, vijisitu vitakatifu vilivyokaa kwenye mapito ya kuingilia nchi yao, vyenye dawa za kuilinda jamii dhidi ya adui na maradhi. Fighi haikuwa mstari. Ilikuwa mahali, tena mahali penye wazee wa kupatunza, na nguvu zake zilidumu muda wote watu walipozitunza. Hata ukoo, ambao nao Kiingereza huuita "line", haukuchorwa popote. Mafuvu ya wazee yalihifadhiwa mapangoni, na mtu aliyetaka kujua yeye ni wa nani alijua ni pango gani la kwendea.

Ndipo ukaja uzi.

Mwaka 1884 kijana wa Kiingereza aitwaye Harry Johnston alifika eneo la Kilimanjaro kwa kisingizio cha kukusanya mimea na wanyama. Taveta akapata hati kutoka kwa wazee. Mwaka uliofuata Sultani Barghash wa Unguja alimtuma Jenerali Mathews kwenda kuipandisha bendera nyekundu na kupokea ahadi za utii za wakuu wa Uchaga na Taveta. Wiki chache baadaye akaja Karl Jühlke kwa niaba ya kampuni ya Kijerumani, akaandikiana na Mangi Rindi wa Moshi. Madai matatu katika muda usiozidi mwaka mmoja, juu ya nchi ileile, na kwa wazee ambao kwao kukubali zawadi ya mgeni hakukuwa kuuza chochote.

Mambo hayo yaliamuliwa mbali sana na Lumi. Mwishoni mwa 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kuigawa Afrika Mashariki. Sultani aliachiwa ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Bara likakatwa: kuanzia mlango wa mto Umba, uzi ukavutwa moja kwa moja hadi ziwa Jipe, ukazunguka ziwa, ukavuka Lumi, ukapita katikati ya nchi ya Wataveta na ya Wachaga, ukazungushwa mguu wa kaskazini wa Kilimanjaro, kisha ukanyooshwa tena hadi ziwa kuu la magharibi. Tazama ramani yoyote ya Kenya leo, utaona mstari mnyoofu, kisha kifundo, kisha mstari mnyoofu. Kifundo hicho ndicho mlima. Mkataba wa 1890 uliotiwa saini Berlin uliuthibitisha uzi huo, na baadaye wapima ardhi wa pande zote mbili wakatumwa kuusimika kwa nguzo.

Kuna hadithi tuliyosimuliwa sote shuleni, kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake wa Ujerumani mlima uwe zawadi ya siku ya kuzaliwa. Hadithi hiyo si kweli, nami ningependa tuiache. Huifanya dhuluma ionekane kama mzaha wa bibi na mjukuu, ilhali yaliyotokea yalikuwa mahesabu baridi: hati ya Johnston ya Taveta upande mmoja wa mizani, hati ya Jühlke ya Moshi upande wa pili, na uzi katikati. Taveta ikawa ya Mwingereza kwa sababu ya karatasi ile ya 1884. Kama Johnston angechelewa mwaka mmoja, huenda leo watoto wa Taveta wangesoma kwa mitaala ya Tanzania.

Kiswahili kinauita uzi huo wa ramani mpaka, na neno hilo nalo lina siri yake. Mpaka ni pale unapoishia. Lakini pia ni kihusishi, "mpaka kesho", "mpaka Moshi". Mswahili akisema anatembea mpaka mpakani, neno lilelile linambeba na kumsimamisha. Wachaga na Wataveta waliendelea kuoana, kuuziana ndizi na kuzikana. Kwao ule uzi ulikuwa mahali pa kufika.

Laini ya pili ilikuwa ya chuma. Reli ya Uganda ilianza kutandikwa Mombasa mwezi Mei 1896. Mwisho wa 1897 ilikuwa imefika Voi, maili 100 kutoka baharini, na hapo ndipo mji wetu ulipozaliwa: stesheni, tangi la maji, maduka machache ya mabati. Waliotandika walikuwa hasa Wahindi, wapatao 32,000 kwa jumla ya miaka yote ya ujenzi, na karibu 2,500 walikufa kazini. Dunia inawakumbuka zaidi wale walioliwa na simba wawili wa Tsavo mwaka 1898, kwa sababu simba ni hadithi tamu. Malaria na kuhara havina hadithi tamu, ingawa vilimaliza wengi zaidi. Kando ya reli zilisimamishwa nguzo za simu ya waya, laini juu ya laini, na kwa mara ya kwanza habari kutoka Mombasa ikafika Voi kabla ya mtu aliyeileta.

Reli haikufuata njia ya misafara. Maungu, Ndara na vilima vya Sagala viliona treni ikipita kwenye tambarare ya chini, pasipo kisima wala kijiji, kwa kuwa injini ilitaka usawa wa ardhi, na maji yake ilibebewa. Wasagala waliokuwa wakiwauzia wasafiri mahindi na kuku juu kilimani sasa iliwabidi washuke, waisogelee laini. Hivyo ndivyo nchi yote ilivyoanza kuteremka kutoka mlimani kuja Voi, na mpaka leo haijaacha.

Vita vikazikutanisha laini zote. Tarehe 15 Agosti 1914 askari wa Kijerumani waliuvuka mpaka na kuiteka Taveta, na kwa muda wa karibu miezi kumi na tisa bendera ya Kijerumani ikapepea kwenye ardhi ya Kenya. Kamanda wao, von Lettow-Vorbeck, alituma vikosi vidogo kupita nyika usiku, wabebaji wakiwa na viriba vya maji na baruti, kwenda kulipua reli ya Uganda. Baadhi ya watu hao walikufa kwa kiu kabla ya kuiona. Nao Waingereza wakaamua kuipeleka reli vitani. Mwaka 1915 walianza kutandika tawi kutoka Voi kuelekea magharibi, likapita Mwatate na Bura, na kufikia katikati ya mwaka lilikuwa Maktau, huku maji yakivutwa kwa mabomba kutoka milima ya Bura kuwanywesha askari na wanyama wao.

Katika maneno ya kijeshi, "line" ni safu ya mbele, pale askari wako wanapoishia na wa adui wanapoanzia. Safu hiyo ilikaa baina ya Maktau na Salaita, kilima kidogo kilichojitenga kwenye tambarare kabla ya kufika Taveta. Tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wapya kutoka Afrika Kusini, waliokuwa wamekuja wakiwadharau askari weusi wa Mjerumani, walitumwa kukiteka. Mahandaki ya juu waliyoyapigia mizinga yalikuwa matupu. Askari wa Mjerumani walikuwa wamejichimbia chini ya kilima. Waafrika Kusini walivunjika, wakakimbia, na zaidi ya 130 kati yao waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Waliosimama na kuizuia safu isibomoke kabisa ni Wahindi wa kikosi cha 130 cha Baluchi, haohao ambao wale wageni walikuwa wakiwaita kwa majina ya kudhalilisha siku chache kabla. Mwezi uliofuata Smuts, jenerali wa Waingereza, aliizunguka Salaita, Taveta ikakombolewa, na baada ya mapigano ya vilima vya Latema na Reata reli ya Voi ikasukumwa haraka hadi Kahe, ikaungana na reli ya Mjerumani iliyotoka Tanga. Uzi wa chuma ukavuka uzi wa ramani.

Ukienda Taveta leo, ingia makaburi ya kijeshi. Mawe meupe yamepangwa kwa mistari iliyonyooka, umbali sawa, kimo sawa. Hapo nilisimama muda mrefu. Wabebaji, wale maelfu kwa maelfu wa Kariakoo waliovibeba vita vile kwa vichwa vyao, wengi wao hawana jiwe wala mstari.

Na watu wa mlima Kasigau hawana hata hilo la kusimuliwa mara kwa mara. Mwaka 1915, baada ya Wajerumani kuishika ngome ya mlima ule, Waingereza waliwashuku wenyeji kwamba ndio waliowaonesha njia. Waliwakusanya wote, wanaume, wanawake na watoto, wakawahamishia Malindi. Watu wa mlimani, waliozoea hewa baridi na maji ya chemchemi, wakatupwa kwenye joto na homa za pwani. Wengi walifia huko. Waliobaki walirudi kwao katika miaka ya 1930 tu, baada ya takriban miaka 20 ya kutangatanga. Kosa lao lilikuwa kuishi pale ambapo mtu mwingine alikuwa amepitisha safu yake ya vita.

Vita vilipokwisha, tawi la Voi lilibaki, na kando yake kukaota laini nyingine. Mkonge haukuwa mmea wa kwetu. Asili yake ni Mexico. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanga mwaka 1893, na katika miche 1,000 aliyoagiza ilifika hai 62. Kutokana na hiyo 62 mashamba yakatapakaa, yakavuka mpaka bila pasi. Mwatate, Voi, Taveta, tambarare za chini zikavaa kijani kile cha kijivu. Kule Taveta, Ewart Grogan, aliyejulikana kwa kuvuka Afrika kwa miguu kutoka Cape hadi Kairo, alijijengea jumba juu ya kilima cha Girigan, na kutoka barazani mwake aliweza kuona mkonge hadi macho yakaishia.

Mkonge hupandwa kwa laini. Mkulima wa mahindi wa Wundanyi hufuata mwinamo wa kilima, shamba lake hupinda kama mwili wa ng'ombe aliyelala. Mwenye shamba la mkonge huvuta kamba. Mkataji huingia katikati ya safu na panga, huku miiba ya ncha za majani ikimtafuta macho, akakata majani ya chini, akayafunga tita, akayahesabu. Mashine huyaponda na kuyakwangua nyama ya kijani, na kinachobaki ni kidogo mno: katika kilo 100 za majani hupatikana kama kilo 4 za nyuzi. Nyuzi hizo huoshwa, kisha hutundikwa kwenye waya ndefu juani, na ukipita barabara ya Mwatate asubuhi unaziona zikipepea, nyeupe karibu na dhahabu, mfano wa nywele za mzee zilizochanwa.

Nyuzi hizo tunaziita katani. Kitani ni kile kitambaa cha zamani cha Misri. Katani ni huu uzi wa mkonge. Na yote mawili yametokana na neno moja la Kiarabu la mmea uleule ambao Warumi waliuita "linum". Uzi wa kwanza uliolizaa neno la Kiingereza na uzi unaokaushwa Mwatate zina jina la ukoo mmoja. Katika safari yangu yote ya kulifuata neno hili, hapo ndipo lilipofika nyumbani, na nikiwa na jani la mkonge mkononi, nikivuta uzi mmoja baada ya mwingine, nilifurahi kupita kiasi.

Lakini katika mashamba hayo "laini" lilikuwa na maana nyingine, na hiyo haikuwa ya kufurahisha. Laini zilikuwa nyumba za wafanyakazi: chumba, ukuta, chumba, ukuta, milango yote ikitazama upande mmoja, choo mwisho wa mstari. Mtu alisema "nakaa laini" na kila mmoja akajua hali yake. Polisi walikuwa na laini zao, reli ilikuwa na zake, na huko Nairobi Kibera bado ina mtaa unaoitwa Laini Saba, jina lililobaki tangu ardhi ile ilipokuwa ya wanajeshi. Nyumba za Wataita zilikuwa zimejengwa kufuata jamaa: wa ukoo mmoja, au kichuku kimoja kama wasemavyo Wadawida, walikaa ubavu kwa ubavu. Katika laini, jirani yako alikuwa mtu ambaye namba yake ya kazi ilifuata yako.

Ardhi ya kupandia mkonge ilikuwa ya mtu. Wataita walisukumwa kutoka tambarare walizolishia mifugo na kulimia nyakati za mvua nzuri, wakaambiwa warudi milimani ndani ya mstari wa hifadhi ya wenyeji. Huko Mwatate, ambako kampuni ya Teita Concessions ilikuwa na ardhi kubwa, uchungu ulipanda hadi mwishoni mwa miaka ya 1930 kikaundwa Chama cha Milima ya Taita, na Mengo Woresha akiwa miongoni mwa viongozi wake wa mbele. Walitaka ardhi irudishwe. Mwaka 1940, vita vipya vikiwa vimeanza Ulaya, serikali ilikipiga marufuku chama hicho pamoja na vile vya Wakikuyu na Wakamba, na viongozi wakatiwa kizuizini. Sijui kwa nini jina la Woresha halitajwi katika vitabu vya shule kwa sauti ileile wanayotajiwa wengine. Linastahili.

Laini zilizofuata nazipitia haraka, maana zinafanana. Mwaka 1948 ilitangazwa hifadhi ya Tsavo, na reli ndiyo iliyotumiwa kuikata vipande viwili, Mashariki na Magharibi. Leo zaidi ya asilimia 60 ya kaunti nzima imo ndani ya hifadhi, na tembo, ambaye hajasomeshwa ramani, huja kula mahindi upande wa pili. Mwaka 1957 likakamilika bomba la kupeleka maji ya chemchemi za Mzima hadi Mombasa, zaidi ya kilomita 200, nalo linakatiza kaunti ambayo akina mama wake wangali wakitafuta maji kwa mitungi. Bomba la mafuta likafuata mwaka 1978. Mpaka wa Mackinnon Road na Kwale, na ule wa Mtito Andei na Makueni, ungali unagombaniwa, kwa kuwa katika kaunti yenye hifadhi kubwa hivyo, kila kipande cha nje chenye maduka na malori ni riziki.

Nisisahau foleni. Wengi husema neno hili lilitokana na amri ya kijeshi ya Kiingereza, "fall in", ya kuwaita askari wajipange, na mtu akilitamka upesi husikia amri yenyewe ndani yake. Ndugu yake wa Kibantu ni mlolongo. Wakenya waliokuwa watu wazima mwaka 1988 hawawezi kulisikia neno mlolongo bila kukumbuka uchaguzi ule wa mchujo wa KANU, ambapo wapiga kura walipanga mistari mchana kweupe nyuma ya wagombea wao, wakahesabiwa kwa macho, na mara nyingine mstari mfupi ukatangazwa kuwa mrefu. Macho ya watu wote yalikuwa pale. Uzi ulikuwa umevutwa na mtu mwingine.

Mashairi nayo yana laini zake kwa Kiingereza. Kwetu ni mshororo, neno zuri ambalo halichanganyiki na mpaka wala foleni. Nashukuru waliotangulia kwamba hawakuliacha lipotee.

Tarehe 31 Mei 2017 ilizinduliwa treni mpya ya abiria baina ya Mombasa na Nairobi. Reli hiyo imepandishwa juu ya tuta refu lililoikata Tsavo, na chini yake wahandisi wakaacha vivuko vya wanyama. Tembo walivijaribu kwa uangalifu, na wengi wao sasa huvitumia, hasa usiku. Stesheni mpya ya Voi ni kubwa na safi. Ile ya zamani, yenye kumbukumbu ya treni za usiku na wauza mayai ya kuchemsha, imebaki kando, na lile tawi la 1915 la kwenda Taveta halibebi abiria tena. Mwatate nimeona vyuma vyake vimezama katika majani hadi huwezi kujua unavikanyaga mpaka ujikwae.

Taveta yenyewe haikuhitaji treni ili kuishi. Siku za soko, Jumatano na Jumamosi, mji hufurika. Ndizi, vitunguu, nyanya, maharagwe, nguo za mitumba. Kichaga, Kitaveta, Kidawida, Kikamba na Kiswahili cha namna mbili vyote katika sentensi moja. Wazee wanakumbuka Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika na mpaka ukafungwa hadi 1983. Mtu aliyekuwa na binti aliyeolewa Himo, ng'ambo ya mpaka, alilazimika kujifanya mgeni kwa mjukuu wake, au apite vichochoro usiku. Siku hizi mpaka wa Holili una kituo cha pamoja, unasimama mara moja na kupita.

Na vijana wana laini mbili mfukoni. Katika Kiswahili cha nchi zote mbili laini ni ile kadi ndogo ya simu, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Wafanyabiashara wa Taveta wana ya Kenya na ya Tanzania katika simu moja, na wakisogea kidogo tu karibu na Lumi, simu hulia na kuwakaribisha katika nchi ambayo hawajaingia.

Asubuhi moja nilishuka hadi ziwa Jipe. Ziwa hili halina kina kikubwa na matete yamelibana pande zote. Lumi huingia, Ruvu hutoka kwenda Pangani, na perege wa Jipe hapatikani kwa asili nje ya maji haya ya Pangani. Mpaka wa leo unapita majini, bila nguzo, bila waya. Wavuvi wawili walikuwa mtumbwini, mmoja akipiga kasia, mwingine ameshika mshipi na kuutupa upande ambao, kwa ramani, ni Tanzania. Uzi ulizama, ukanyooka. Simu ikaita kifuani mwa mpiga kasia, akatazama ni laini gani inayoita, akapokea.